Tawi Lililopigwa Dawa Si la Kinyonga

Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Giakanja na viunga vya Nyeri

Malalamiko yanayotufikia yanafanana mno. Kinyonga amewekewa tawi bichi kizimbani, na baada ya siku chache amelegea, macho yameingia ndani, hawezi kushika hata kijiti. Mwenyewe analaumu baridi, au jirani mwenye kijicho. Tukimuuliza tawi alilikata wapi, jibu ni lile lile: kwenye kahawa.

Usikate tawi kwenye shamba linalopigwa dawa. Hilo ndilo neno letu, na tutalirudia.

Kahawa hupigwa dawa ya kopa kuzuia kutu ya majani na ugonjwa wa buni changa. Madoa ya samawati unayoyaona juu ya majani si umande. Kinyonga naye kwa kawaida hanywi bakulini, hulamba matone yaliyo juu ya majani. Ukinyunyiza maji kwenye tawi hilo umemwandalia sumu kwa mkono wako. Tena zipo dawa ambazo mti hunyonya na kuzibeba ndani. Hizo hazitoki hata ukisugua kutwa. Kuchemsha hakusaidii. "Nililiosha" si hoja.

Tafuta mpera au mforosadi wa nyumbani ambao una hakika haukupigwa dawa, wala hauko kando ya shamba la viazi la jirani. Mnyaa, ambao wengi hapa huuita kariaria, usiuguse: maziwa yake huumiza macho ya mtoto kabla hayajamfikia mnyama. Mbarika na oleanda pia ni sumu. Mkaratusi, mtarakwa na msonobari ina mafuta na utomvu mkali. Iache ibaki kuni.

Tawi salama lisugue kwa brashi na maji ya moto bila sabuni, kisha lianike juani hadi likauke. Ile dawa nyeusi ya chooni, inayogeuka nyeupe ikitiwa maji, isikaribie kizimba. Chagua unene ambao vidole vya kinyonga vitauzunguka, ulifunge lisizunguke, na liwe mbali na taa ya joto, maana ataungua mgongo bila kusogea.

Kibali cha kumfuga? Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakitaka, na ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) ndiyo itakayokueleza masharti. Kinyonga uliyemwokota kwenye ua si wako kwa sababu tu ulimwona kwanza.

Wapo wanaotucheka kwamba tunajisumbua kwa ajili ya kimbu, yaani kinyonga. Wajue kwamba kinyonga wa pembe tatu wa miteremko ya Mlima Kenya alipelekwa Hawaii mwaka 1972 kuuzwa kama mnyama wa kufugwa, akaachiliwa bustanini, akazaana huko hadi leo. Kule alipata majani na unyevu bila kizimba. Huku kwao tunamfungia na tawi la kopa! Hatutanyamaza.

Kama hujui tawi lilipigwa dawa lini, litupe. Na kama kinyonga wako amelegea sasa hivi, toa matawi yote kizimbani kwanza, mpe maji safi ya matone, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na kipande cha tawi lenyewe.