Kadi ya sauti ya zamani na laptopu mpya

Kadi za sauti za miaka ya 2000, zile ambazo studioni tunaziita intafesi, nyingi bado ni nzima. Maiki zinaingia, taa zinawaka, sauti inatoka safi. Kinachozitoa kazini ni laptopu mpya: ama haina tundu la waya wa kadi, ama inalo lakini haikitambui kifaa. Hivyo vyombo vizuri vinaishia kabatini. Chukua Focusrite Saffire Pro 40, yenye matundu 8 ya maiki. Ukirekodi kikundi cha taarab, udi, kanuni, fidla, akodioni, dumbaki na sauti ya mwimbaji vyote vinaingia kwa pamoja, kila kimoja kwenye njia yake, na nafasi inabaki. Kadi mpya za bei nafuu nyingi zina matundu mawili tu ya maiki. Ndiyo maana nasisitiza kifaa cha namna hii kihangaikiwe kidogo kabla hakijauzwa kwa bei ya kutupa.

Geuza kadi utazame mgongoni. Tundu la karibu mraba, lenye pembe mbili za juu zilizokatwa, ni USB. Tundu la mstatili lenye pini 6, upande mmoja umechongwa, ni FireWire 400; lenye pini 9 ni FireWire 800.

Kama ni USB, kazi ni nyepesi. USB-C ya laptopu mpya inaelewana na USB ya zamani, kwa hiyo waya wenye USB-C upande mmoja na ile ya mraba upande wa pili unatosha. Shida ikibaki, ni ya draiva. Baadhi ya kadi hufuata kanuni ya pamoja ya sauti ya USB na hazihitaji draiva yoyote. Kupima, ipe kadi umeme wake na uichomeke kwenye iPad: ikifanya kazi pale, haina haja ya draiva kwenye MacBook wala Linux. Windows ilianza kuzielewa kadi za USB 2.0 za aina hii mwaka 2017, katika toleo 1703 la Windows 10, ila bila ASIO, aina ya draiva ambayo programu za kurekodi hutegemea kupunguza ucheleweshaji wa sauti. Programu ya bure ya ASIO4ALL huziba pengo hilo. Kadi inayodai draiva yake yenyewe itafutiwe kwenye tovuti ya mtengenezaji. Tahadhari moja: laptopu mpya za Windows zenye chipu za Snapdragon hazikubali draiva zilizoandikwa kwa ajili ya Intel na AMD, hata kama programu za kawaida zinafunguka.

Mitego mingi iko kwenye FireWire. Zinauzwa adapta ndogo, za bei ya chini, zenye FireWire upande mmoja na USB upande mwingine. Usizinunue. Ndani yake ni nyaya zilizounganishwa moja kwa moja tu, ilhali USB na FireWire zinazungumza lugha mbili tofauti. Isitoshe, FireWire inaweza kubeba hadi volti 30, na tundu la USB la kawaida linategemea volti 5. Laptopu inaweza kuungua.

Njia ya kweli hupitia Thunderbolt, muunganisho wa kasi wa kompyuta. Apple ilitengeneza vipande viwili: kimoja kinatoka Thunderbolt 3 kwenda Thunderbolt 2, kingine kinatoka Thunderbolt kwenda FireWire 800. Kwa kadi ya FireWire 400 unaongeza waya wa pini 9 kwenda 6. Gharama yake si ndogo, na kipande cha pili kimeadimika, kwa hiyo thibitisha kwanza kwamba draiva ya kadi yako inakubali chipu ya kompyuta yako. Apple ilianza kuhamia chipu zake mwaka 2020, na draiva nyingi za zamani zilibaki kwenye Intel. Kumbuka pia kwamba umbo la USB-C halithibitishi kuwa kuna Thunderbolt ndani. Kwenye laptopu za Windows tafuta alama ya radi kando ya tundu. Lililo kubwa zaidi ni mfumo endeshi: macOS 26, yaani Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, imeiondoa FireWire kabisa. Aliye kwenye Sequoia, toleo lililotangulia, na kadi yake inafanya kazi, asisasishe.

Umeme nao utazamwe kwa makini, hasa kwa mzigo wa mkono wa pili. Kadi iliyotoka Marekani inaweza kuja na adapta ya umeme ya volti 120 pekee, na ukutani kwetu ni 230 au 240. Soma kibandiko; kikisema 100–240V, chomeka bila wasiwasi. Kama adapta imepotea, mbadala wake ulingane nayo kwa volti, ampea zisipungue, na uangalie kile kimchoro cha duara na nukta kinachoonyesha kama chanya iko katikati au nje. Kabla ya kuchomeka FireWire, zima kadi na kompyuta zote mbili.

Mfumo ukikataa, unaweza kutunza kompyuta ya zamani kwa kurekodia tu. MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2012, ile isiyo ya Retina, ina FireWire 800. Iondoe kwenye intaneti, rekodi humo, kisha hamishia faili za WAV kwenye laptopu mpya. Linux nayo bado ina draiva za kadi nyingi za FireWire.

Mimi napendelea ADAT, lile tundu la mwanga lenye kifuniko kidogo, linalobeba njia 8 kwa 44.1 au 48 kHz. Saffire Pro 40 inaweza kufanya kazi bila kompyuta: iunganishe mara moja na mashine ya zamani yenye FireWire, elekeza maiki 1 hadi 8 kwenda ADAT, hifadhi mpangilio ndani ya kadi. Kisha tafuta kadi ya USB yenye tundu la kupokea ADAT, kama Scarlett 18i8 ya kizazi cha 3, unganisha kwa waya wa mwanga, na uiagize kadi hiyo mpya ifuate saa ya ADAT, yaani mapigo ya muda ya sauti ya dijitali, zote mbili zikiwa kwenye 48 kHz. Ukisikia tik-tik inayojirudia kwenye spika, saa hazijalingana. Anza kukagua hapo kabla ya kubadilisha waya.