Jumatano: Kumsemea Asiyeweza Kusema

Soma Mithali 31:8, 9. Mama yake Lemueli alimpa mfalme wajibu gani?

Mwezi Machi 1892, mjini Memphis, Marekani, wanaume watatu weusi walitolewa gerezani na kundi la Wazungu wakauawa bila kuhukumiwa. Duka lao lilikuwa likishindana na la Mzungu. Mmoja wao, Thomas Moss, alikuwa rafiki wa mwandishi wa habari Ida B. Wells, aliyezaliwa utumwani mwaka 1862. Kwa kawaida ilidaiwa kwamba waliouawa hivyo walikuwa wabakaji. Wells alichunguza, akaonyesha kuwa mara nyingi madai hayo yalikuwa ya uongo. Mwezi Mei, akiwa safarini, ofisi ya gazeti lake iliharibiwa, naye akatishiwa kuuawa. Hakunyamaza.

Alifariki mwaka 1931. Sheria ya taifa dhidi ya mauaji hayo ilitiwa saini mwaka 2022. Maandiko hayamwahidi anayemtetea mnyonge kwamba ataona matunda. Yanamwagiza afumbue kinywa.

Ni nani anayedhulumiwa karibu nawe huku watu wakikaa kimya? Je, ukimya wako ni wa busara, au ni wa hofu?