Muziki wa bei ndani ya Subaru

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX. Naishi Wote na huenda Kitui mara kwa mara. Je, niiwekee muziki wa bei ghali, au nitaharibu gari la mbio?

JIBU: Weka, ila usianzie kwenye buti. Sabufa na sanduku lake la mbao huweza kufika kilo 20, na uzito huo wa nyuma utauhisi kwenye kona za milima ya Mbooni. Huko, kwa maoni yangu, zima redio kabisa usikilize injini ya boksa; ndiyo uliyoinunua. Kwenye safari ndefu ya Kitui adui ni kelele za matairi na changarawe chini ya gari. Usishindane nazo kwa sauti: kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu huleta desibeli 3 tu. Kwanza bandika mikeka ya kuzuia mtetemo ndani ya milango, kisha weka spika nzuri za mbele. Benga ya Kikamba, kama ya Kakai Kilonzo, uhai wake ni magita, nayo hutegemea spika za mlangoni. Fundi akipitisha waya wa amplifaya, fyuzi ikae karibu na betri. Asipoiweka, usichukue gari.