SIMU YA UPEPO: MIPANGO NA GHARAMA ZAKE WAKATI WA UKOLONI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaelezwa katika somo hili jinsi madola yaliyotutawala yalivyopanga, na kugharamia, kupelekeana khabari za Serikali kwa masafa marefu bila ya waya.

Tuchukue mfano wa Kerenge, wilayani Korogwe. Mtumishi wa Kijerumani aliyekuwa huko mnamo mwaka 1910, akitaka neno lake lifike Berlin upesi, hakuwa na budi kulipeleka kwenye waya wa simu ulioshuka pwani. Kutoka Dar es Salaam lilipita chini ya bahari hadi hapa Unguja, na hapa likapokewa na waya wa kampuni ya Kiingereza uliolazwa mwaka 1879 kutoka Aden. Siri ya Mjerumani, hata ikiandikwa kwa mafumbo, ilipita mkononi mwa Mwingereza.

Ndiyo sababu Wajerumani walitangulia kujenga. Kabla ya Vita Kuu walikwisha kuwa na vituo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam, mbali na vile vya Windhoek na Kamina, nchini Togo.

Waingereza walikubaliana mwaka 1911 kuunganisha dola yao kwa vituo vya Uingereza, Misri, Afrika Mashariki, Afrika Kusini, India na Singapore. Mwaka 1912 kampuni ya Marconi ilipewa kazi hiyo kwa pauni 60,000 kwa kila kituo, bila ya kuhesabu ardhi wala majengo, pamoja na sehemu moja katika kumi ya mapato kwa miaka 28. Hapo ndipo palipozuka maneno. Mkurugenzi wa kampuni alikuwa ndugu wa Mwanasheria Mkuu, Sir Rufus Isaacs, naye huyo pamoja na Waziri wa Fedha, Lloyd George, walinunua hisa za kampuni dada ya Marekani. Bunge likachunguza hadi mwaka 1913. Mawaziri hawakutiwa hatiani, lakini wakati ulikwisha kupotea. Vita vikaingia na mkataba ukavunjwa.

Tarehe 8 Agosti 1914 manowari Astraea iliushambulia mlingoti wa Dar es Salaam, na mwezi huo huo Wajerumani wenyewe wakakiharibu kituo cha Kamina kisitekwe.

Mwaka 1920 mpango ulifufuliwa, safari hii vituo vikiachana kiasi cha maili 2,000. Leafield, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1921, na Misri mwaka 1922. Nairobi ilikuwa ifuate. Lakini Australia na Afrika Kusini zilitaka kusema na London moja kwa moja, bila ya kupitia kituo cha mtu mwingine, na kwa maoni yetu hazikukosea. Wakati hayo yakibishaniwa, Marconi aligundua kwamba mawimbi mafupi, yakielekezwa upande mmoja, hufika mbali zaidi kwa umeme mdogo na kwa fedha chache. Afrika Kusini na India ziliunganishwa kwa njia hiyo mwaka 1927.

Ikawa sasa waya wa baharini ndio unaokosa wateja. Mwaka 1929 kampuni za waya na za upepo ziliunganishwa, na tangu mwaka 1934 shirika hilo likaitwa Cable and Wireless.