Mahindi nimeyazoea, parachichi silijui

Swali: Mchungaji, nimelima mahindi huku Moiben tangu niolewe. Wanangu wanataka nusu ya shamba tupande parachichi. Silali. Je, imani yangu ni haba?
Mama, Eldoret

Jibu: Mama, hofu si dhambi. Yoshua, jemadari mzima, aliambiwa na Mungu mara tatu katika sura moja awe hodari, na watu wakamwongezea ya nne.

Lakini mimi napenda zaidi sura ya 5 ya kitabu cha Yoshua. Kesho yake baada ya Waisraeli kula mazao ya Kanaani, mana ilikoma. Hebu mfikirie mama aliyezoea kuokota mana miaka yote ile ya jangwani, leo kashika ungo anapepeta nafaka ngeni. Mpaji ni yule yule. Kilichobadilika ni kazi ya mikono.

Basi omba, kisha ufanye hesabu. Miche ya parachichi aina ya Hass iliyopandikizwa huchukua kama miaka 3 kuzaa vizuri, na karo haingoji. Anza na robo ekari, panda maharagwe katikati ya mistari, mahindi ya ghala yabaki. Tena waambie wanao unachoogopa. Mama zetu hulia jikoni, moshi ukasingiziwa.