Chungu Kimoja cha Nyama na Makaroni: Kijitabu cha Afya kwa Nyumba za Ipyana

Jua linapoinamia upande wa milima ya Bundali, na moshi wa majiko ukaanza kupanda juu ya migomba na mikakao ya Ipyana, kila mama wa nyumba hurudiwa na swali lile lile la jana, yaani watu wake watakula nini usiku huu. Na kwa kuwa nchi hii ya Kyela imejaliwa mchele ambao harufu yake hutambulikana hata Dar es Salaam, na ndizi, na magimbi, na usipa na mbasa wa Ziwa Nyasa, huenda msomaji akastaajabu kuona kijitabu cha afya kikimletea habari za makaroni, chakula cha ngano isiyolimwa katika bonde hili. Hatukukusudia kuushusha wali daraja yake. Makaroni yamekwisha kuingia katika maduka yetu na watoto wamekwisha kuyapenda, lakini aghalabu hupikwa peke yake, kwa mafuta na chumvi tu, na chakula kilichopikwa hivyo hulijaza tumbo pasipo kuujenga mwili.

Wenzetu wa pwani wamezijua tambi tangu zamani, wakizipika kwa sukari, nazi na iliki, hasa katika mwezi wa Ramadhani; na Wasomali, waliojifunza kwa Wataliani mapishi ya namna hii, huzila tambi kwa mchuzi wa nyama hata zikawa kwao ni chakula cha kila siku. Sisi nasi tuna nyama, tuna nyanya na tuna vyungu, basi hatuna haja ya kuiga, bali ya kuviunganisha tulivyo navyo.

Jambo lililotusukuma kuandika ni namna nyama inavyogawanywa. Kwa Wanyakyusa ng'ombe si kitoweo tu. Ni mahari, ni heshima ya msiba, ni kiungo cha ukoo na ukoo, na nyama yake ikifika nyumbani hukatwa mapande makubwa, yakapewa wakubwa kwa staha inayowastahili, mtoto wa miaka miwili akabaki na wali uliolowa mchuzi. Mchuzi huo una ladha ya nyama, wala hatuukatai, lakini sehemu kubwa ya nguvu ijengayo mwili na damu haitoki katika minofu ikaingia majini; hubaki katika minofu, na minofu imekwenda kwingine. Uchunguzi wa taifa wa afya na uzazi uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania walio katika umri wa kuzaa, 45 walikuwa na upungufu wa damu, na katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 58. Na katika watoto hao 100, wapatao 34 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Sababu za hali hiyo ni nyingi, zikiwamo malaria na minyoo, na hatusemi kwamba chungu kimoja kitaziondoa zote. Twasema tu kwamba nusu kilo ya nyama, ikikatwa vipande vidogo kama ncha ya kidole gumba na kupikwa pamoja na makaroni katika chungu kimoja, hutawanyika hata mwiko wowote utakaochota hauwezi kutoka bila nyama. Hapo ndipo ulipo ubora wa mapishi haya, na mengine yote tutakayoeleza yanaufuata huo.

Ama kuhusu nyama yenyewe, na inunuliwe katika bucha ambayo mzoga wake umekaguliwa na mtaalamu wa mifugo na kupigwa muhuri. Twajua uchungu wa mtu ambaye ng'ombe wake, aliyemtunza miaka mingi, ameanguka na kufa usiku bila kuchinjwa. Twajua pia jinsi majirani wanavyokuja na visu vyao kwa nia njema, ili nyama ile isipotee bure. Hata hivyo nyamafu isiliwe, wala mzoga usichunwe. Huenda mnyama yule amekufa kwa kimeta, na vijidudu vya kimeta hujigeuza mbegu ngumu zisizotegemewa kufa katika moto wa jikoni, nazo humwingia mtu kwa jeraha dogo la mkononi hata kabla chungu hakijatengwa. Mwaka 2007, Homa ya Bonde la Ufa ilipoenea katika mikoa kadhaa ya nchi yetu, watu waliofariki walizidi 100, na mojawapo ya njia za maradhi hayo ni kugusa damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Mwenye msiba wa ng'ombe na amwite afisa mifugo wa kata, mzoga uzikwe shimo refu, na majirani wamsaidie kwa njia nyingine.

Kuna na adui mwingine aliye mpole wa sura, naye ni tegu. Vifuko vyake hukaa ndani ya minofu ya ng'ombe, vidogo, vyeupe, wakati mwingine havizidi punje ya mchele, na mtu akila nyama iliyobaki nyekundu ndani, kifuko kile humea tumboni mwake kikawa mnyoo unaofikia mita 4 na zaidi. Naye ng'ombe huupata wapi? Huupata malishoni, katika majani yaliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kwa hiyo choo ni sehemu ya mapishi ya nyama, ingawa kimejengwa mbali na jiko. Na katika mabonde yetu, ambako shimo huyakuta maji upesi na masika huyafurikisha mashamba ya mpunga, haifai kuchimba tu kwa kina, bali choo kiinuliwe juu ya ardhi kwa tofali au mawe, ili mafuriko yasikitapishe katika kisima cha jirani.

Sasa tuje jikoni. Mwenye chungu cha Wakisi, kile kinachofinyangwa na wanawake wa Ikombe na kuuzwa Lyulilo karibu na Matema, na akitumie kwa fahari, kwa maana hushika moto taratibu na kuupoteza taratibu, na nyama ngumu ya ng'ombe wa kienyeji hulainika humo vizuri kuliko katika sufuria nyembamba. Illa asikimiminie maji baridi kikiwa cha moto, kisije kikapasuka. Mwenye sufuria naye hana hasara, mradi aitafutie mfuniko unaofunga.

Kwa aila ya watu 7 yatosha nusu kilo ya nyama, nusu kilo ya makaroni, nyanya 5 au 6 zilizoiva, vitunguu maji 2, karoti 2, kitunguu saumu na kipande cha tangawizi, mafuta vijiko 3 vya chakula, na fungu la mchicha au majani ya maboga. Nyama ya kadiri hiyo ina utomwili, yaani protini, wa gramu 100 kwa makisio, na makaroni yake gramu 60 hivi, hata kila mlaji, tukichukua wastani, hupata gramu zaidi ya 20 katika mlo mmoja. Na siku ambayo mfuko haukuruhusu hata nusu kilo, robo kilo na vikombe 2 vya maharage yaliyokwisha kuchemshwa hufanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Kisu na ubao vilivyoguswa na nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata mboga, au mboga zikatwe kwanza, jambo lililo jepesi zaidi. Vitunguu vikaangwe kwa mafuta mpaka vigeuke rangi, saumu na tangawizi zifuate, kisha nyama igeuzwegeuzwe humo mpaka ipoteze wekundu wake wa nje; ndipo itiwe lita moja ya maji, ifunikwe, na kuachwa ichemke kwa moto wa wastani muda wa saa moja au saa moja na nusu, mpaka kipande kikiminywa kwa mwiko kiachane chenyewe. Mpishi asiwe na haraka hapa, kwa kuwa makaroni hayasubiri nyama: yakitiwa kabla ya nyama kuiva, yatakuwa uji wakati nyama ingali mpira. Nyama ikilainika, nyanya na karoti zitiwe, zichemke mpaka nyanya zivunjike na mchuzi kuwa mzito. Kisha makaroni yamwagwe humo humo, pamoja na maji ya moto ya kuyafunika kwa vidole viwili, wala yasichemshwe katika chombo kingine na maji yake kumwagwa nje. Yatakunywa mchuzi wenyewe, na chochote kilichotoka katika nyama na mboga kitaingia ndani yake badala ya kupotea. Yakorogwe kila baada ya dakika mbili tatu yasishike chini, nayo yataiva kwa dakika 10 au 12. Majani yatiwe dakika 4 za mwisho, na chumvi pamoja nayo.

Chumvi tumeiweka mwisho kwa makusudi. Nyanda za juu za kusini zilijulikana zamani kwa maradhi ya rovu, uvimbe wa shingo utokanao na upungufu wa madini joto, na chumvi iliyotiwa madini hayo ndiyo iliyolipunguza. Lakini madini joto hupotea kwa mchemko mrefu, kwa hiyo chumvi ya mwishoni huokoa mengi. Kijiko kimoja cha chai kisichofurika chatosha chungu kizima. Shirika la Afya Duniani limeshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na vile vipande vya viungo vya dukani vimejaa chumvi, basi atakayekitia kimoja na apunguze kijiko chake. Tangawizi, saumu na pilipili manga hukitosheleza chungu kwa ladha.

Faida ya chungu kimoja si ya mlo peke yake. Moto ni mmoja, kuni ni pungufu, na macho na mapafu ya mama, pamoja na ya mtoto aliye mgongoni mwake, hupata nafuu ya moshi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikikusudia kuwafikia Watanzania 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Lakini kabla gesi haijafika katika kila nyumba ya Ipyana, jiko banifu, kuni kavu, na dirisha lililofunguliwa si mambo ya kungojea.

Chakula kikiisha kuiva, kipumzishwe dakika 5 kikiwa kimefunikwa, watu wanawe. Desturi ya kupitisha bakuli moja ambalo kila mtu huzamisha mkono wake ni ya heshima katika nia yake, lakini wa mwisho hunawa uchafu wa wa kwanza, na mara nyingi huyo wa mwisho ni mtoto. Maji na yamiminwe kwa jagi au kata, sabuni iwepo, na kijana wa nyumba amwagie mikono wakubwa wake. Staha haipungui, bali huzidi.

Monica Wilson, aliyekaa miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika habari za wavulana walioishi katika vijiji vya marika yao, wakienda kwa kundi kutoka nyumba ya mama mmoja hadi ya mama mwingine kula pamoja. Kula kwa ushirika, basi, si jambo ambalo mtu wa afya ana haki ya kuwafundisha watu wa nchi hii. Twaomba tu mpangilio wa mwiko. Baba apewe sahani yake kwa heshima kama ilivyo ada, lakini mama mjamzito asiwe yule anayekuna mabaki ya chungu baada ya wote kushiba, na mtoto mdogo awe na bakuli lake mwenyewe, kwa sababu katika sinia moja na kaka zake mkono wake hauwezi kushindana na mikono yao. Mtoto aliyetimiza miezi 6, ambaye mpaka hapo hakupaswa kupewa kitu illa ziwa la mama, apondewe makaroni na nyama mpaka vilainike kabisa, na sehemu yake itolewe kabla ya chumvi kutiwa. Limau likamuliwe juu ya sahani, au papai lifuate, kwa kuwa vitamini C ya matunda hayo husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyo katika majani na maharage. Nayo chai, ambayo huyazuia madini hayo, ingoje saa moja au mbili.

Pakibaki kitu, joto la kando ya ziwa halina huruma. Chakula kisilale ndani ya chungu kizima, kwa maana rundo kubwa hukaa vuguvugu usiku kucha, na wapo vijidudu ambao mbegu zao hustahimili mchemko, kisha huamka katika uvuguvugu huo na kuzaana; ndiyo sababu baadhi ya watu huumwa matumbo baada ya chakula cha msibani kilichopikwa vizuri alasiri na kuliwa alfajiri. Kitolewe mapema, kitandazwe katika vyombo vipana, kifunikwe mbali na nzi, na kabla ya kupita saa mbili kiwekwe mahali pa baridi. Asubuhi kichemshwe mpaka kitoe mapovu katikati, mara moja tu, na kitakachobaki baada ya hapo wapewe kuku. Asiye na jokofu na apike kipimo cha usiku mmoja. Chungu cha udongo, ambacho vinyweleo vyake hufyonza mchuzi, kisiachwe na maji machafu mpaka kesho, bali kisuguliwe usiku ule ule kwa maji ya moto, kisuuzwe, na kulazwa kifudifudi juu ya kichanja, jua la asubuhi likikute hapo.