Bugaluu na Raizoni Zimerudi

Somo letu la safari hii ni juu ya jambo liletalo ugomvi katika nyumba nyingi, yaani mavazi ya vijana. Suruali zilizo pana chini na viatu vya soli nene vimeonekana tena, nao wavaaji hudhani ni mambo mapya. Sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1970 tunavijua kwa majina: bugaluu na raizoni.

Wala sisi hatukuwa wa kwanza. Suruali za namna ile zilikuwa vazi la mabaharia tangu karne ya 19, kwa kuwa ni rahisi kuzikunja hata magotini wakati wa kuosha sitaha ya meli. Katika miaka ya 1960 vijana wa Marekani walianza kununua zile zilizokwisha kuvaliwa na wanamaji, maana bei yake ilikuwa ndogo, na washonaji wakaiga. Raizoni ni za kale zaidi. Wanawake wa Venice walivaa viatu vya soli nene katika karne ya 16, vingine virefu hata mvaaji akahitaji mtu wa kumshika mkono. Katika miaka ya 1930 fundi wa Italia, Salvatore Ferragamo, akavirudisha.

Kwa nini hurudi? Mwaka 1937 Mwingereza James Laver, mtaalamu wa historia ya mavazi, aliandika kwamba vazi likitangulia wakati wake kwa miaka 10 huonekana la aibu. Wakati wake ukifika husifiwa. Likipitwa kwa miaka 10 huchukiza, kwa miaka 20 huchekesha, bali kwa miaka 70 hupendeza tena. Sisi twaona kwamba siku hizi mzunguko ni mfupi kuliko hesabu yake, na mitumba imechangia, kwa kuwa nguo za zamani zinapatikana gulioni kila wiki. Tena fundi cherehani akishabana suruali mpaka mwisho, njia iliyobaki ni kuipanua!

Lakini lipo jingine linalorudi pamoja na mitindo. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga marufuku vimini, mawigi, dawa za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. (Miaka michache baadaye wazee wakalalamikia zilizo pana. Upana wa adabu ni inchi ngapi, hakuna aliyetupimia.) Hata kabla ya tarehe ile kufika, makundi ya vijana wa kiume waliwashambulia wasichana karibu na kituo cha mabasi cha Kariakoo, Dar es Salaam, na kuwachania nguo. Wasichana wale walikuwa wakienda zao tu.

Miaka 46 ilipita. Mwezi wa Novemba 2014 mwanamke mmoja alivuliwa nguo na wanaume penye kituo cha mabasi, Nairobi, kwa kisingizio kile kile cha sketi fupi, na wanawake wa mji ule wakaandamana. Kimini kilikwisha kwenda na kurudi, na mikono ile nayo ikarudi.

Basi mzazi aonaye kwamba vazi la bintiye halifai, na amwambie yeye mwenyewe, nyumbani, kwa upole, naye amsikilize akijibu. Asimtangaze barazani mbele ya vijana wa kiume. Maneno yasemwayo pale hufika kituo cha basi kabla ya binti kufika.

Juu ya raizoni tunaonya jambo moja tu: huteguza vifundo vya miguu, hasa barabara ikiwa na mashimo. Na mwenye bugaluu ya mwaka 1975 sandukuni asiikate matambara. Mjukuu ataiomba.